Mpwa Mpya wa Mzee Mwinshehe

Ijumaa, 2 Agosti 1996

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji: mimi si Mluguru.

Ni Mgogo. Nimezaliwa Gairo, mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni lundo la magunia ya karanga. Milima ya Uluguru naiona kila siku, kama ninavyoona mwezi, na nimeifikia mara hizo hizo. Tulihamia Morogoro Mjini nikiwa darasa la tano, baba alipopata kazi kiwandani. Mwaka jana kiwanda kikampunguza kistaarabu kabisa, kwa barua yenye mhuri. Sasa anauza mitumba sokoni na anasema huu ni wakati wa soko huria, kila mtu yuko huru. Yeye huwa huru kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi naogopa watu. Mtu akinisalimu ghafla nasahau jina langu, ambalo ni Stephano tu, si refu. Mdomo wangu haujawahi kusema uongo kwa sababu haujawahi kusema lolote. Lakini nipe fomu! Hasa fomu ya Kiingereza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na nikiandika kwa Kiingereza naona kama anayedanganya ni mtu mwingine, mwenye elimu zaidi.

Fomu ya shirika letu la vijana wa kujitolea (Watanzania sita, Wanorwei sita, tunabadilishana uzoefu, wao wanatupa wa kwao, wetu bado tunautafuta) iliuliza kabila na ujuzi wa pekee. Nikajaza: Mluguru kwa baba. Nazungumza Kiluguru kwa ufasaha. Najua njia zote za milimani.

Sababu ninayo. Nafasi ya kwenda Norwei miezi kumi ni moja tu, na Dada Rose, mratibu wetu, alishasema wafadhili wanataka kijana mwenye mizizi katika jamii. Dennis, ambaye baba yake ni mhadhiri na ambaye Kiingereza chake hutokea puani, hana mizizi. Ana televisheni.

Leo Dada Rose katangaza: kesho mpaka Jumatatu tuko milimani, juu ya Mlali, kujenga moyo wa kikundi. Kiongozi wa njia na mkalimani: Stephano! Makofi. Dennis kapiga marefu kuliko wote. Kasema, "Mwana wa mlima, sisi tuko nyuma yako tu."

Hidaya hakupiga. Hidaya ni Mluguru wa kweli. Alinitazama kama anayekagua yai kwenye mwanga. Huyu nampenda tangu Aprili. Tumeshazungumza sana: yeye husema habari, mimi husema nzuri. Siku mbili nilisema nzuri kabla hajauliza.

Nimejitungia baba Mluguru, babu Mluguru na baba wa babu aliyepigana na chui. Nimekariri ukurasa mzima. Sina wasiwasi wowote.

Jumamosi, 3 Agosti

Nina wasiwasi wote.

Lori lilituacha Mlali saa mbili asubuhi. Njia panda ya kwanza ilitokea baada ya dakika nne. Nikautazama mlima kwa macho ya mtu anayekumbuka utoto wake. Nikasema kushoto.

Kushoto kulikuwa na shamba la njegere. Mwenyewe alikuwemo. Tukawa watu kumi na watatu katikati ya njegere za watu, na ilibidi niseme kitu. Nikawaeleza Wanorwei kwa Kiingereza kwamba wazee wangu huanzia hapa kuomba baraka za mlima. Wakavua kofia. Torbjørn, tunayemwita Tobiasi kwa kuzihurumia ndimi zetu, akafumba macho kabisa. Mama mwenye shamba akauliza, kwa Kiswahili kisafi, nani amekufa.

Hidaya akamwamkia shikamoo. Wakasemezana kwa Kiluguru. Wakanitazama. Wakacheka sana. Kisha Hidaya akatangulia njia na wote wakamfuata. Mimi nikaendelea kuongoza, kutokea nyuma. Yule mama akatupita kwa njia ya mkato, amebeba jembe begani, hata hahemi. Nilimwonea wivu mapafu.

Saa nane tukafika. Mwenyeji wetu Mzee Mwinshehe, kanzu, koti, fimbo. Alitoa hotuba ndefu ya Kiluguru. Kila mtu akanigeukia. Nikatafsiri: "Anasema karibuni sana, mlima huu ni wenu." Dennis akauliza mbona maneno yaliingia mengi yakatoka machache. Nikamjibu Kiluguru ni lugha yenye heshima nyingi. Mzee akakohoa, akasema kwa Kiswahili cha mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini kwamba yeye amesema choo kiko kule nyuma, na kwamba mmoja wetu amesimama juu ya vitunguu vyake.

Aliyesimama juu ya vitunguu ni mimi.

Dada Rose, Mungu ambariki, akaniokoa kwa kunitosa zaidi. Akasema, "Mzee, huyu ni mtoto wenu, Mluguru." Mzee akauliza wa nani. Ukurasa wangu! Nikaanza: baba, babu, baba wa babu, chui. Mzee alinisubiri kwa adabu, kama inavyosubiriwa treni ya mizigo ipite. Nilipomaliza akasema, "Haya, baba yako tumemsikia. Huku kwetu, kijana, ukoo ni wa mama. Mama yako ukoo gani?"

Nilipata baridi mpaka kwenye soksi. Kwetu ukoo unatoka kwa baba! Nilimwandaa baba mpaka chui wake. Mama sikumwandalia hata mstari mmoja. Kichwani mwangu kulikuwa na jina moja tu la ukoo wa Kiluguru, nililowahi kumsikia Hidaya akimtajia Tobiasi. Nikasema, "Mwenda."

Mzee akanisogelea.

Kumbe Mzee Mwinshehe ni Mwenda. Akaitupa fimbo, akanikumbatia, akapiga kelele, "Mpwa wangu!" Mkewe, Bi Mwanaasha, akapiga vigelegele. Mimi nina mjomba!

Na Hidaya ni Mwenda. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani, hilo Bi Mwanaasha alilieleza vizuri sana bila kuulizwa. Miezi minne najiandaa kusema neno la pili kwa yule msichana, na kabla sijalisema nimekuwa kaka yake. Alikuja akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Karibu nyumbani, kaka." Uso mkavu.

Jumapili, 4 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umegoma.

Nimeamshwa alfajiri kwa neno "Mpwa!" Nikatoka. Ukungu mzito, na ndani ya ukungu tenga la kabichi. Mzee akanieleza kazi za mpwa kwa mjomba wake. Ni kazi moja: zote. Kabichi zinatakiwa zishuke mpaka panapofika magari, kwa kichwa. Bi Mwanaasha akanisokotea kata, akanisifu shingo.

Wenzangu wakati huo walikuwa wanajenga moyo wa kikundi. Mchezo wa kwanza: mtu anafumba macho, anajiangusha kinyumenyume, wenzake wanamdaka ili ajifunze kuamini. Nilipita chini ya tenga nikamwona Dennis anadakwa na watu wanane. Mimi niliteleza mara tatu. Nilidakwa na migomba.

Lakini! Safari ya pili, Tobiasi kanipiga picha. Dada Rose kaandika kwenye daftari lake, nimemwona, mstari mzima na alama ya mshangao. Dennis kaanza kununa. Akajitolea naye kubeba tenga. Mzee akamuuliza ukoo wa mama yake. Dennis akasema mama yake ni mhasibu. Mzee akamwambia arudi akaangushwe.

Safari ya tatu, Dada Rose kanifuata mpaka kwenye kijito, kaninong'oneza: nafasi ni yangu! Hajawahi kuona kijana anayepokelewa na jamii namna ile. Norwei! Theluji! Miezi kumi mahali ambapo, Tobiasi anasema, watu hukaa kituo cha basi bila kusalimiana. Nchi iliyoumbwa kwa ajili yangu. Kimebaki kitu kidogo tu, kasema, ridhaa ya familia. Nikamwambia baba atasaini hata leo. Dada Rose akatabasamu kama mtu aliyesoma kitabu. Akasema, "Hapana Stephano, tuheshimu mila zenu. Mwenye sauti si baba. Ni mjomba."

Jioni tukakaa duara. Kuna jiwe, anayeshika jiwe ndiye anayesema, wengine wanasikiliza kwa moyo. Mzee Mwinshehe alipewa jiwe saa kumi na moja. Hajalirudisha.

Dada Rose akamwomba ridhaa, kwa unyenyekevu mkubwa. Mzee akalipima jiwe mkononi. Akasema anawashukuru wageni kwa kumletea mpwa aliyepotea. Kwamba migomba ya marehemu kaka yake haina mtu. Kwamba kabichi, kama tunavyoziona, bado. Mpwa hatoki.

Nilifanya hesabu haraka. Nikisema mimi si mpwa wa mtu hapa, fomu ni ya uongo, nafasi imekwenda. Nikinyamaza, mjomba kakataa, nafasi imekwenda. Na jiwe sikuwa nalo. Nikatumia kipaji changu: nikanyamaza.

Mzee hakuwa amemaliza. Akasema Wamwenda si watu wachoyo. Wageni wamekuja na watoto wake wawili, kaka na dada. Basi mmoja abaki na matenga, mmoja aende kwa Wanorwei. Akanyoosha fimbo kwa Hidaya.

Makofi. Wanorwei walilia. Dada Rose aliandika ukurasa mzima. Dennis alishika kichwa kwa mikono miwili, na hilo ndilo jambo zuri pekee nililoliona leo.

Jumatatu, 5 Agosti

Tumeshuka. Mimi na tenga la mwisho, la kuagia.

Hidaya alitembea kando yangu. Nikajikaza, nikasema neno la pili. Nilisema, "Hongera." Akajibu asante kaka. Kisha, kwa sauti ya kusimulia hali ya hewa, akaniambia anajua mimi ni Mgogo wa Gairo tangu Aprili. Mama yake anauza ndizi meza ya tatu kutoka mitumba ya baba yangu, na baba yangu hana siri. Hata namba ya viatu vyangu mama yake anaijua.

Nikauliza mbona hakuniumbua. Akasema, "Ungeniuliza kitu chochote ningekujibu. Miezi minne unaniambia nzuri."

Nikauliza na Mzee je, alidanganyika kweli? Hidaya alicheka mpaka akashikilia mti. Mama wa shamba la njegere ni dada yake Mzee, tumbo moja. Habari zangu zilifika juu kabla yangu, kwa njia ya mkato, na jembe begani. Mzee alishajua kuna kijana anapanda anayejiita Mluguru, mwenye shingo nzuri, na yeye alikuwa na matenga kumi ya kabichi na hana watu. Habari ya nafasi ya Norwei nayo ilipanda na jembe lile lile. Hidaya ndiye aliyeituma. Kwa hiyo Mzee aliponikumbatia alikuwa ananipima mabega!

Nikasema nitamwambia Dada Rose. Akasema mwambie. Nikafikiri. Nikabeba tenga.

Tulipoagana aliniuliza aniletee nini kutoka Norwei. Nilikuwa na mengi ya kusema, ya miezi minne, yamepangwa vizuri. Nikasema soksi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekaa siku nne natafakari. Nimekua. Nimejifunza somo kubwa ambalo sitalisahau maisha yangu yote: siku nyingine andaa upande wa mama.

Na siku nyingine ni leo! Shirika jingine limebandika tangazo posta. Vijana kumi wa kujitolea, Ziwa Viktoria, wawili watakaofanya vizuri wanapelekwa Denmarki. Wanapendelea wenyeji wa ziwani. Fomu hii hapa mbele yangu, ya Kiingereza, safi kama theluji. Mara hii siachi pengo. Baba: mvuvi wa Ukerewe. Mama: wa Ukerewe vile vile, ukoo wa wavuvi, pande zote mbili. Bibi: aliwahi kumponyoka mamba. Kuogelea: kwa ufasaha. Bafu la kwetu ni ndoo, lakini nina mpaka Oktoba.

Asubuhi nimekutana na Hidaya ofisini kwa Dada Rose, kaja kuchukua barua ya pasipoti. Kaniuliza habari. Nimesema nzuri, za kwako je? Maendeleo.

Ngoja. Kuna mtu mlangoni.

Baba ananiita. Anasema nje kuna mzee mwenye koti na fimbo, amekuja na matenga mawili matupu, kaelekezwa sokoni, anamwita shemeji. Anamuulizia mpwa wake. Baba anauliza mama kama ana kaka ambaye hakuwahi kumtaja. Mama anacheka hata hawezi kujibu. Mama alizaliwa peke yake.

Nimesikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Nimesikia, "Yuko chumba kipi? Msisumbuke, naijua shingo yake."

Nyayo zinakuja. Nimeandika haraka mstari wa mwisho wa fomu, ndugu wa karibu: hakuna. Sasa naficha ukurasa chini ya