Idhini ya Nguruwe

Ninayo furaha kuutangazia umma wa Iowa kwamba hospitali yetu imekuwa ya kwanza kumpa nguruwe haki ya kuombwa ruhusa.

Mimi, Merle Vandersloot, ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Hadhi ya Viungo vya Mafunzo. Kabla yangu ilikuwa fujo tupu. Madaktari walio mafunzoni walichukua maini ya nguruwe machinjioni, nyongo ikiwa bado imeshikamana nayo, wakayatia ndani ya sanduku, wakapenyeza kamera na vyuma virefu kwenye vitundu, wakajifunza kutoa nyongo bila kupasua tumbo zima. Hivi hivi tu! Bila hata fomu!

Nikaleta utaratibu. Hakuna daktari atakayempasua binadamu kabla ya kufanyia mazoezi maini kumi, na hakuna ini litakaloguswa kabla ndugu wa marehemu hajatia saini. Siku ya uzinduzi tulikula mbavu za nguruwe za kuchoma, tukapigiana makofi.

Daktari Jolene Hruska alikuja ofisini kwangu macho mekundu. Asipomaliza maini yake kumi mwezi ule, angerudia mwaka mzima.

"Mwenyekiti, maini yangu yanalala kwenye barafu. Ndugu wa nguruwe nitamtoa wapi?"

"Tafuta."

"Nimekwenda machinjioni. Duane mchinjaji amenicheka mpaka akakaa chini. Anasema ukoo mzima ulishakuwa soseji."

"Basi lete vyeti vyao vya kifo. Sheria ni msumeno, binti."

Akaondoka bila kuaga. Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Alhamisi ya dhoruba ya theluji, barabara kuu zimefungwa, mpasuaji mkuu amekwama kwao, nyongo yangu ikanikamata. Mawe! Nililetwa kwa machela nikilia, sioni haya kusema. Aliyekuwapo ni Hruska peke yake.

"Nipasue, mwanangu! Nakufa!"

"Hufi leo, mzee, utaumia tu. Nami siruhusiwi. Sijagusa hata ini moja."

"Nafuta hiyo sheria!"

"Huifuti peke yako. Kamati hukaa Jumanne."

"Yesu wangu! Sasa nifanyeje?"

"Si ulisema ni msumeno? Hukata mbele na nyuma." Akamgeukia muuguzi. "Wanda, mletee mzee fomu zake. Maini niliyatoa kwenye barafu jana, nilitaka kuyatupa."

Fomu kumi. Nikatia saini. Palipoandikwa "Uhusiano na marehemu" nikasita. Maumivu yakanichoma tena ubavuni. Nikaandika: kaka, tumbo moja. Mara kumi.

Kifungu cha sita, nilichokiandika mwenyewe, kinataka kila idhini isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi. Wanda alisimama katikati ya ukumbi wa wagonjwa akazisoma zote, polepole, hakuruka hata nukta. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta akaomba asomewe tena ya tatu.

Hruska akavaa glavu zake. Akaja kunishika bega kwa huruma.

"Pole sana kwa msiba, Mwenyekiti," akasema, akaenda kuanza ini la kwanza.