Letisia na Kioo Cheusi cha Makambako

Sogeeni, enyi watu wa nyanda za baridi, mliojifunga mablanketi kutoka Uwemba hadi Matembwe. Wekeni chini vikombe vya ulanzi mnyamaze kidogo, kwa maana zinaletwa kwenu habari za Letisia binti Tarsis, mwenye vidole vyepesi, mlinzi wa printa, na za asubuhi ile alipokabiliana na giza dukani mwake Makambako.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu. Mzee Mika, baba wa bibi harusi, mwenye koti la kijivu na subira ya kondoo, aliketi kwenye benchi akingoja ratiba mia mbili za ibada ya ndoa ya bintiye Flora, ambayo ingeanza saa tano. Letisia akawasha kompyuta. Ikanguruma, taa yake ikamulika, kisha kioo kikawa cheusi kama chungu cha makande, na katikati ya weusi huo kikabaki kimshale kimoja cheupe kisichofungua chochote.

Akachomoa waya wa kioo, akaupuliza, akaurudisha kwa nguvu za mababu. Weusi. Akazima, akahesabu hadi kumi, akawasha tena. Weusi ule ule. Ratiba yote, pamoja na nyimbo na majina ya wazee wa kanisa, ilikuwa ndani ya ngome ile, naye hakuwa na nakala nje.

"Binti yangu," Mzee Mika akanena, "wageni wametoka Kidugala tangu alfajiri. Nitasimamaje mbele yao niseme tumeshindwa na kioo?"

"Hatujashindwa bado, baba. Mwenye simu hakosi jeshi."

Akampigia Abel wa Njombe, fundi aliyeiwekea kompyuta ile mfumo wa Linux mwaka juzi, mtu asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua.

"Dada Letisia," Abel akasema, "kioo chako hakina kosa, wala kompyuta haijafa. Mlango wa mbele ndio umefungwa, basi sisi tutapitia wa nyuma. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja."

Vidole vitatu vikashuka kama mikuki mitatu. Kimshale kikatoweka, yakatokea maandishi meupe yakimwuliza yeye ni nani. Letisia akajitaja, akatoa nenosiri, kisha akaandika amri ya herufi mbili aliyotajiwa, d na f. Hapo kompyuta ikakiri: diski imejaa asilimia mia, haina nafasi hata ya kufungua dawati lake, ule ukurasa wa picha unaotangulia kiooni.

"Kuna mtu amejaza ghala," Abel akasema. "Tafuta faili kubwa kuliko yote, ulifute."

Mtu huyo alikuwa Letisia mwenyewe. Juma lililopita, kwenye tamasha la kwaya, alisimamisha kamera akasahau kuizima. Ikazaliwa video ya urefu wa saa nne, naye akaimwaga yote ndani ya kompyuta. Dakika nne kati ya hizo aliimba ubeti wa peke yake, sauti ikipanda mpaka watu wa nyuma wakasimama. Zilizobaki nyingi zilikuwa za viti vitupu. Mafaili mengine yote yalikuwa kazi za wateja.

"Nikiihamishia kwenye flashi?"

"Kwa kompyuta hiyo, saa nzima, dada."

Mkono wake ukasimama hewani. Mzee Mika akauona.

"Unapoteza nini?"

"Wimbo wangu, baba. Hauko kwingine."

Mzee akatazama saa yake, saa nne imeshapita, akatazama sakafu. "Siwezi kukuamuru ufute," akasema. "Binti yangu anaolewa mara moja, lakini na wewe sauti ile uliitoa mara moja."

Letisia akauimba ubeti ule kimoyomoyo, mwanzo hadi mwisho, apate kujua kama bado anao. Alikuwa nao. Akaandika amri ya kufuta, akabonyeza, akaiwasha kompyuta upya.

Dakika ikapita, ndefu kama masika. Kisha mwanga ukafurika kiooni, na mafaili yakajipanga mahali pake kama askari waliorudi wakiwa hai. Printa ikaanza kutema karatasi. Mzee Mika akaichukua ya kwanza, akasoma jina la Flora kwa kidole.

Basi na iandikwe, vizazi visomeane: kwamba Makambako, Jumamosi, saa nne na robo, giza lilipigwa kwa herufi chache, kwamba ratiba mia mbili zilifika kanisani kabla ya bwana harusi, na kwamba Letisia binti Tarsis, baada ya vita, alimimina chai yake kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo asubuhi na kuikuta ingali ya moto.