Kuhusu Ufunguo wa Mlango wa Katikati

Kwako Mzee Mwenye Nyumba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, popote ulipo, hata kama ni chumbani kwangu.

Mimi ni mpangaji wako wa chumba cha mbele, fundi saa. Kati ya sebule yako na chumba changu kuna mlango ambao ufunguo wake unakaa kwako. Siku nahamia uliniambia ni wa dharura, moto ukitokea. Kwa miezi saba moto haujatokea. Wewe umetokea. Kwa heshima zote, naorodhesha:

1. Unapiga hodi ukiwa umeshakaa. Jumatatu nilirudi kuchukua miwani ya kazi, nikakukuta kwenye kiti changu. Ukasema hodi. Nilipochelewa kujibu, ukasema karibu. Sikujua kama mimi ni mgeni au mwenyeji, nikatoka. Miwani sikuichukua.

2. Ufa wa ukutani. Unasema unakuja kuukagua, na sikatai, nyumba ni yako na ufa ni wako. Lakini hauzidi urefu wa kidole, nawe kila wiki unaupima na kuandika tarehe kwa penseli. Ili uuone vizuri, ulisogeza kitanda changu. Ili uuangalie bila kuchoka, ulileta mto. Siku hizi nasikia unaukagua umefumba macho, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi.

3. Jirani yetu, Mama Pacha, naye anapita kwako kuja kwangu, maana dirisha langu ndilo lenye jua la kukaushia nguo. Nilipomuuliza kwa upole, alisema ruhusa alishapewa na mwenyewe. Juzi amenilalamikia kwamba droo yangu ya pili inakwama. Nimeitengeneza.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumapili mchumba wangu alikuja na shangazi yake kuona ninavyoishi. Nilikuwa nimetoka mara moja kununua sukari. Kurudi, nakuta umeshawakaribisha, unawamiminia chai kwenye vikombe vyangu, huku ukinisifu kuwa ni kijana msafi, ila soksi zangu nakunja ovyo. Shangazi alicheka. Mchumba wangu hakucheka. Nilipowasindikiza aliniuliza, "Hivi naolewa na wewe, au na kila mwenye ufunguo?" Wanarudi leo saa kumi. Wakikuta mtu mwingine ndani, uchumba umekwisha.

Kwa hiyo naomba ukitaka kuingia unipe taarifa siku moja kabla. Hilo likiwa gumu, nipewe ratiba ya saa ambazo mimi naweza kuingia bila kuwasumbua. Nalo likishindikana, basi nisihesabiwe tena mpangaji, nihesabiwe jirani, kwa kuwa nimeona majirani ndio wenye haki hapa, nami nianze kukagua nyufa za chumbani kwako. Mto nitakuja nao.

La mwisho, na hapa sitanii: nikabidhiwe ufunguo wa mlango wa katikati leo hii, kabla ya saa kumi. Mimi upande wangu nimeshajipanga. Jana nimefunga kitasa kipya mlango wa mbele, cha kujifunga chenyewe, ambacho hakuna binadamu atakayekifungua kutoka nje bila ufunguo.

Nisalimie mama mwenye nyumba, Mama Pacha na pacha wake wote wawili, na yeyote mwingine utakayemkuta chumbani kwangu.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu,
Fundi Saa,
Chumba cha Mbele (kwa sasa).

Nyongeza: Kitasa kinafanya kazi. Nilitoka kukuletea barua hii, kikajifunga nyuma yangu, na ufunguo uko mezani, kando ya miwani. Kwako nimegonga nusu saa nzima, hakuna mtu. Nimetazama saa: ni saa nane na nusu, nikajua uliko. Ndiyo maana barua naipitisha chini ya mlango wangu mwenyewe. Mchumba wangu na shangazi wamewahi, nawaona pale kona. Tafadhali fumbua macho, unifungulie, kisha upite haraka kwa mlango wa katikati urudi kwako. Ule ufunguo wake baki nao, Mzee, tena usiupoteze.

Hodi.