Ziwa Nililolikagua Nikiwa Chepilat

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechaguliwa! Akina mama wakulima wa chai hapa Roret wameamua bonasi ya mwaka huu isinunue sufuria wala tangi. Wanataka kulala ziwani siku tatu. Wote kumi na wanane! Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala mahali pa kulipia, kwa hiyo wanataka mtu mjanja awachagulie hoteli huko Homa Bay. Mjanja ni nani? Mimi Kipruto, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na ya kunifundisha.

Osoro wa duka la simu naye aliitaka hiyo kazi. Akasema mbele ya watu ati maji mengi niliyowahi kuona mimi ni ya josho la ng'ombe. Wakacheka mpaka kanga zikalegea. Ikabidi niwazibe midomo. Nikasema nimelala ziwani mara mbili, na ziwa ni kama uwanja wa mpira tu, ila ni maji. Kazi ikawa yangu!

Mwenyekiti ni senge Rebeccah, yaani shangazi yangu, dada wa baba. Amesema nikikagua vizuri nitapata kiti ndani ya basi, kitanda na chakula siku zote tatu, bure. Nisipokagua vizuri, nitajua mwenyewe. Hicho kiti nakitaka kuliko mke. Sijawahi kuona ziwa hata siku moja. Daftari, hiyo ni siri yetu.

Silali. Miguu inaniwasha.

Jumanne, 4 Novemba

Nauli mfukoni, shati limechomekwa, nikaondoka alfajiri. Hoteli za kukagua ni tatu: Machweo Rizoti, Kiboko Gadeni na Gesti ya Opiyo. Nikafika Chepilat, mji wa njiani. Nikashuka nitie chai kidogo tumboni.

Hapo ndipo nilipoziona raba. Nyeupe pepepe! Sasa mkaguzi mzima aingie hotelini na gambuti? Nikanunua. Nauli ikabaki makombo.

Sikubabaika. Nilikaa nyuma ya kibanda cha chipsi, nikafungua simu, nikakagua hoteli zote tatu kwa picha. Fundi hahitaji kulowa. Machweo ina kidimbwi cha kuogelea, na msichana ameketi kando yake na glasi yenye kamwavuli. Nilimkagua huyo kwa muda. Kiboko ina mashua. Opiyo ana picha moja tu: kuku amesimama mlangoni. Opiyo ameanguka mtihani.

Shida moja. Kwetu mtu hatoki ziwani mikono mitupu. Bila samaki, hukwenda. Kwa yale makombo ya nauli nikanunua samaki wawili wa kukaanga kwa Nyamoita, mama anayeuza pale stendi. Akauliza natoka wapi na haraka hivyo. Nikasema ziwani. Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye raba, akanifungia samaki kwa karatasi.

Nimerudi juu ya lori la ng'ombe. Raba nilizivaa kichwani, kamba nimefunga kidevuni. Akili!

Alhamisi, 6 Novemba

Mkutano kwa senge. Nilisimama katikati ya sebule nikaeleza habari za Machweo mpaka mimi mwenyewe nikaiona. Kitanda laini, unatumbukia kama jiwe kwenye uji. Maswali yakaanza. Upepo wa huko haushiki kifua? Haushiki. Kiboko hapigi hodi usiku? Anaheshimu wageni. Maziwa ni ya ng'ombe au ya pakiti? Ya ng'ombe, nimemwona kwa macho yangu, mweupe mwenye baka jeusi, nikamgusa pembe. Mikono ikaanza kuinuka. Machweo! Kiti kilikuwa changu, nakwambia. Nilikuwa nimeshachagua cha dirishani.

Nikaharibu kwa kuongeza. Nikatoa samaki.

Katibu, Mama Rodah, akafungua karatasi, akaisogeza karibu na macho. Samaki walikuwa wamefungwa kwa ukurasa wa daftari la shule. Akasoma kwa sauti: Gideon Kibet, Gredi ya Sita, Hesabu, nne kwa ishirini.

Gideon ni mjukuu wake.

Akaniuliza, polepole sana, daftari la mjukuu wake lilitangulia vipi Homa Bay. Nikasema huenda hata huko wako akina Kibet. Akauliza, na wao pia walipata nne? Kumbe Mama Rodah ana bwawa la samaki chini ya shamba lake la chai! Kila Jumanne asubuhi anakaanga, anampelekea Nyamoita auze, na mwaka mzima Gideon amekuwa akificha mitihani yake kwenye karatasi za kufungia. Mimi ningejuaje? Mama Rodah akasema samaki wake ana mapenzi: ametoka Roret, ameenda Chepilat, ameoga ziwani, na bado amekumbuka kurudi kumsalimia.

Osoro, aliyekuja kutengeneza redio ya senge, alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Gideon ameitwa. Yeye amekaripiwa zaidi yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Senge amechukua simu yangu, akaweka sauti ya juu, wakapigia hoteli zenyewe. Kidimbwi hawakuuliza. Mashua hawakuuliza. Swali lilikuwa moja tu: chai mnapika vipi?

Machweo wakajibu kwa sauti ya pua kwamba mgeni anapewa maji moto kwenye kikombe, majani ndani ya kifuko chenye uzi, na maziwa pembeni. Sebule nzima ikaguna. Mama Rodah akasema amechuna majani miaka thelathini, hajalea kichaka ili aje aning'iniziwe majani kwa uzi kama panya. Simu ikakatwa. Kiboko wakasema hivyo hivyo, wakaongeza ati wana chai ya maua. Akina mama hawakungoja hata kwaheri.

Opiyo alijibu mwenyewe. Alisema mke wake anateleka sufuria kubwa, maziwa na maji pamoja, anatupa majani kwa mkono, chai inafura mara tatu ndipo anachuja. Akina mama wakapiga makofi. Senge akauliza na yule kuku wa mlangoni? Opiyo akasema huyo anawangoja wao.

Na kiti changu? Senge amesema chai haijui likizo. Majani yakipita siku zake yanakomaa, na kituo cha kununulia majani kinayakataa. Wenzao wana waume wenye mikono ya kuchuna, lakini shamba lake na la Mama Rodah yanataka mchunaji, na hapa kuna kijana aliyepumzika vizuri Chepilat. Kiti amepewa Osoro, awapige picha. Osoro alinishukuru kwa mikono miwili. Mshenzi!

Ijumaa, 14 Novemba

Wameenda. Basi lilipiga honi kama la harusi. Mimi ndani ya chai, kikapu mgongoni, mvua ya saa nane mchana juu yangu. Raba sasa zina rangi ya shamba.

Jioni Osoro alituma picha. Senge Rebeccah ameketi majini hadi kiunoni, na kilemba kichwani, anacheka. Sijawahi kumwona senge akicheka hivyo. Nyuma yake maji yanaenda, yanaenda, mpaka yanaisha mbinguni. Si kama uwanja wa mpira hata kidogo.

Niliiangalia mpaka betri ikaisha.

Jumapili, 16 Novemba

Habari kubwa! Baada ya ibada wanaume walinizunguka nje ya kanisa. Wamekasirika. Siku tatu wanajisongea ugali wenyewe, na Bethwel, mume wa senge, ameunguza sufuria mbili. Wamekata shauri: bonasi ijayo ni yao, na wanaenda Mombasa. Wanatafuta mtu wa kuwachagulia hoteli.

Bethwel akaniuliza kama nimejifunza kwa yaliyonipata. Nikamwambia nimejifunza kabisa, na tena Mombasa ndiyo naijua zaidi, nimelala huko mara nne. Mzee mmoja akauliza maji ya bahari yakoje mdomoni. Nikacheka kwa huruma. Nikamwambia ni matamu, mzee wangu, tena baridi. Mimi nilikunywa kikombe kizima na nikaongeza.