Dume la Mwisho Mucheke

Jumatatu, 3 Juni

Tichaona amerudi. Siku mbili hajaonekana, leo asubuhi nimemkuta mlangoni amelala kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Sikio limechanika. Mguu wa nyuma hataki kuukanyagia. Mara ya tatu tangu Aprili! Jike yeyote akiingia kwenye joto, mbwa wangu anaacha sadza, ugali wetu, anaacha nyumba, anakwenda kupigana na madume kumi kwa ajili ya mchumba mmoja. Nimemwosha kwa maji ya chumvi. Akanilamba mkono. Nampenda huyu mbwa, na nisingeyasema haya mbele za watu.

Mke wangu, Mama Ropafadzo, amesema basi. Jumamosi gari la waganga wa wanyama linakuja uwanja wa mpira. Wanahasi madume, wanafunga uzazi majike, bure. Tichaona aende. Nikamjibu kwamba sisi ni ukoo wa Shumba, yaani Simba, na Simba hahasi watu wa nyumbani kwake. Akasema Simba anayemjua yeye hulala mchana kutwa akingoja kuletewa chakula, kwa hiyo hata akihasiwa hatajua.

Hajui linaloniuma. Tumezaa mabinti watatu, wote wameolewa, wote wanazaa watoto wa koo za watu. Ndani ya ua huu aliyebaki wa kuendeleza jina ni Tichaona. Nataka mjukuu wa nyumba hii kabla sijafa.

Gwatidzo, fundi cherehani wa upande wa pili wa michongoma, alikuwa anasikiliza. Nilijua kwa sababu alianza kumwita jike lake kwa sauti kubwa: Muchadura! Muchadura! Maana yake, mtakiri. Alimpa jina hilo mwaka ule toroli lake lilipopotea, ili nilisikie mimi kila siku. (Sikulichukua. Nililiazima, likapotea mikononi mwangu.) Wiki iliyofuata nami nikatafuta mbwa, nikamwita Tichaona, yaani tutaona. Miaka minne sasa hatusalimiani, tunaita mbwa tu.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano ukumbi wa kata. Dada Shuvai, muuguzi wa wanyama, mwembamba, sauti ya mwalimu. Amesema dume mdogo ahasiwe akitimiza miezi sita hivi. Wale wa mbegu kubwa wasubiri mwaka na zaidi, mifupa ikomae kwanza. Jike afanyiwe kabla ya joto la kwanza ikiwezekana, ataepuka uvimbe wa matiti na kuoza kwa kizazi. Akiwa kwenye joto asiguswe, damu ni nyingi, angojewe miezi miwili mitatu. Dume wa miaka minne anayetoroka? Hata leo!

Nikauliza, kwa niaba ya rafiki, kama mbwa huona huzuni baadaye. Akasema mbwa hana habari, anayelia ni mwenye mbwa. Ukumbi mzima ukacheka. Gwatidzo alicheka mpaka akakohoa.

Lakini nikiwa njiani, wazo! Tichaona anaumizwa na nani? Na madume wenzake. Madume wenzake wote wakihasiwa, atapigana na nani? Hakuna! Atatembea mtaa mzima kama chifu. Kila mtoto wa mbwa hapa mtaani Mucheke atakuwa na sura yake. Nimeruka mtaro kwa furaha, nikautia mguu mmoja ndani.

Jumatano, 5 Juni

Nimevaa koti. Nimechukua daftari. Nyumba kwa nyumba, tangu saa mbili. Maneno ya Dada Shuvai nimeyatoa kama yangu: uvimbe, kutoroka, mbwa kugongwa barabarani. Mzee mmoja alitokwa machozi kwa ajili ya dume lake, nikamshika bega. Chai nimekunywa mara saba. Madume kumi na moja nimeandikisha!

Sikuhangaika na mbwa wa katekista, kule mwisho wa njia. Miguu yake mifupi kama ya kigoda. Huyo si mpinzani wa mtu.

Majike sikuyataja popote. Mtu hafungi duka analotaka kununulia.

Gwatidzo alinisimamisha langoni. Akauliza iweje mtu ameshika bango la kuhasi mbwa wa watu wote na wake hamwandikishi. Nikamwambia wangu nimemwandikisha wa kwanza. Uongo, lakini nilisimama wima.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Mama Ropafadzo alikuwa ananifuata nyuma jana. Kila lango nililotoka yeye aliingia. Mimi nimeandikisha madume, yeye kaandikisha majike. Kumi na manne! Wanawake wa mtaa wanasema mumeo ana moyo wa huruma ajabu, Mama Ropafadzo, na yeye anajibu kwamba hata yeye anashangaa.

Nimehesabu. Jumamosi jioni mtaa mzima utabaki na jike mmoja tu mzima. Muchadura. Yuko kwenye joto tangu juzi, Dada Shuvai hatamgusa. Gwatidzo kamfungia banda la kuku.

Yaani bi harusi pekee Mucheke yuko kwa adui yangu!

Sikukata tamaa. Mambo haya yana utaratibu wake. Nimemtuma mshenga. Mshenga mwenyewe Chitsike, mtani wa ukoo wetu tangu enzi za babu, mtu anayeruhusiwa kunitukana kwenye mazishi yangu. Hachukui ujira, ndiyo maana nikamchagua. Akaenda na kuku na maneno mazuri. Gwatidzo akamfanyia kama washenga wanavyofanyiwa kwetu tangu zamani: akamfukuza uani, akammwagia ndoo ya maji. Chitsike amerudi anatona, kuku hana. Anasema baba wa binti amejibu hivi: "Mwambie Shumba wako, binti yangu simwozi kwa jambazi. Kuku nimepokea."

Jambazi! Mbwa wangu!

Ijumaa, 7 Juni

Tichaona analia tangu alfajiri. Amechimba chini ya michongoma, kucha zinatoka damu. Sadza hali. Nimekaa naye chini, nimemweleza kwamba mazungumzo yanaendelea.

Mama Ropafadzo ameniita Baba Ropafadzo, si Shumba, kwa hiyo nikajua mambo mazito. Amesema ameshachoka kuosha damu ya mbwa. Siku moja atagongwa na gari nami nitalia, naye atanililia mimi. Kesho aende uwanjani, la sivyo yeye anapanda basi kwa binti yetu Ropafadzo, mjini Gweru, mimi nijipikie. Mimi siwezi kupika. Nilijaribu mwaka wa mafuriko, tukanunua sufuria nyingine.

Nikaenda kumwona Dada Shuvai, kumbembeleza. Akaniambia nisiogope, kidonda hupona siku kumi. Ila nimfungie dume mbali na majike mwezi mzima na zaidi, kwa sababu akiba inabaki mwilini, anaweza bado kuzalisha.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Akiba inabaki! Nimpeleke kesho: mke anatulia, napikiwa. Gwatidzo akisikia mbwa amehasiwa, hatari kwake imekwisha, anafungua banda. Na Tichaona ana mwezi mzima! Wengine wanazaliwa na akili, jamani.

Jumamosi, 8 Juni

Uwanja umejaa. Watu na mablanketi, mbwa kwenye matoroli wamelewa sindano, ndimi nje. Nilivaa tai. Nikatia saini karatasi.

Wakanipa nimshike kichwa wakati wa sindano. Akanitazama. Hakuuma, hakubweka. Alinitazama tu kama mtu anayeamini atarudishwa nyumbani. Mpango wote ulinitoka kichwani. Nililia, nasema kweli, nililia na tai yangu shingoni mbele ya kata nzima.

Chitsike hakuacha hiyo ipite. Alipanda juu ya kreti, akavua kofia, akahubiri mazishi ya marehemu wawili waliokuwa hawatengani tangu kuzaliwa, walioishi vyema na majirani zao wote wa kike. Watu wakapiga makofi ya heshima, kama desturi yetu msibani. Dada Shuvai alilazimika kuweka mkasi chini. Nami siwezi kukasirika! Mtani ni mtani.

Jioni Tichaona ameamka. Mama Ropafadzo kampa mchuzi wa mifupa, mimi nimepewa sadza na mboga. Lakini ameniita Shumba.

Gwatidzo alikuja langoni kutoa pole, midomo inamcheza. Akasema sasa Muchadura anaweza kupata jua, maskini, tangu asubuhi amemwachia uani. Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Moyoni vigelegele.

Jumanne, 11 Juni

Tichaona ana ndoo iliyokatwa kitako shingoni asilambe nyuzi. Dada Shuvai kasema asiruke, asikimbie. Haruki. Nimemtobolea michongoma, anapita kwa kutembea.

Saa nne Gwatidzo akaingia kupima wateja. Nikamfungulia Tichaona njia. Akapita! Dakika kumi. Kimya. Mimi huku nimefunga macho, nimekunja vidole.

Kurudi, ndoo ikanasa kwenye miiba. Kichwa kwangu, mwili kwa Gwatidzo. Nikavuta. Hatoki. Nikavuta tena, nikasikia upande wa pili na yeye anavutwa. Gwatidzo! Amemshika kiunoni, futi ya kupimia bado shingoni kwake, anapiga kelele kwamba amemkamata jambazi ndani ya nyumba. Nikamwambia mwachie mgonjwa! Akaniambia mgonjwa gani anaposa? Tichaona mwenyewe katikati, anatikisa mkia.

Dada Shuvai ameitwa. Uzi mmoja umelegea. Amenisema mbele ya Gwatidzo na mbele ya mke wangu, na kila alichosema ni kweli, nimeona aibu sana. Akachungulia ndani ya ndoo. Imejaa makombo ya sadza. Akasema huyu alikwenda kula chakula cha Muchadura, basi.

Maoni yake. Yeye hakuwepo.

Jumapili, 14 Julai

MUCHADURA ANA MIMBA.

Tumbo linaonekana hata kutoka barabarani. Na mchana Chitsike amekuja, safari hii katumwa na Gwatidzo! Mshenga yule yule. Ujumbe: aliyeleta posa ndiye mhusika. Hakuna mwingine Mucheke aliyetuma mtu. Basi akiri, alete mbuzi wa kumwomba radhi baba wa binti.

Mtu mwingine angebisha. Mimi nilikwenda mwenyewe. Nimechuchumaa uani kwa Gwatidzo, nimepiga makofi ya kuomba radhi, nimekiri mbele ya mashahidi watano kwamba kijana wangu ndiye. Mbuzi nimempeleka na utepe shingoni. Mama Ropafadzo ameuliza kama nimepigwa na jua. Dada Shuvai alikuwa anapita, akasimama, akamtazama mbuzi na utepe wake, akaendelea na safari.

Gwatidzo ameniita mkwe. Tumekula mbuzi pamoja. Akaniuliza kuhusu toroli. Nikamwambia wakwe hawaulizani mambo kama hayo siku ya furaha.

Jumatano, 14 Agosti

Wamezaliwa! Watano!

Nimewafunua blanketi kwa mkono wangu mwenyewe. Weusi kwa kahawia. Warefu kama mikate. Miguu... haipo. Yaani ipo, lakini kama ya kigoda.

Gwatidzo akanitazama. Nikamtazama. Chitsike akalala chini, anacheka mpaka anaomba maji.

Jumamosi ile ya uwanjani! Wakati mimi nalia na tai, Muchadura anaota jua, lango wazi. Mtu mmoja tu Mucheke sikumpigia hodi, yule wa mwisho wa njia.

Nimewaambia labda miguu itakua. Dada Shuvai amenishika bega kama nilivyomshika yule mzee. Mbuzi hatarudi, ameshaliwa, na mimi ndiye niliyekula paja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Gari la waganga limerudi. Muchadura amefungwa uzazi leo, maziwa yamekauka, wanawe wamepata kwao. Mimi na Gwatidzo tulimsukuma pamoja kwenye toroli la kuazima, tukipokezana.

Niandike kweli. Tangu Juni Tichaona hajatoroka hata mara moja. Kidonda hakipo. Mguu umepona. Amenenepa, analala langoni, anabweka kwa heshima, na kila nikitoka anaamka kunisindikiza mpaka kona na kurudi. Asubuhi nikimwona pale nafurahi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kufurahi kwa mbwa. Mama Ropafadzo anasema alikuwa sahihi. Nimemkubalia, alikuwa akipakua.

Gwatidzo kaniletea mtoto mmoja jike, zawadi kwa mkwe. Tumemwita Ngaazive, yaani na ajue, ili katekista alisikie kila akipita kwenda kanisani. Mfupi, mtundu, anamng'ata Tichaona masikio, naye anamwacha kama babu.

Dada Shuvai amempima. Amesema niandike: Februari, akitimiza miezi sita, kabla ya joto la kwanza, bila kukosa. Ameniuliza kama nimeelewa sababu zote. Nimezitaja zote, moja moja, uvimbe, kizazi, vita vya madume. Ameridhika. Nimeandika Februari kwa herufi kubwa, mbele yake.

Kisha nikapitia kituo cha polisi kumwangalia mbwa wao mpya, dume. Kifua! Shingo! Miguu mirefu kama ya farasi. Nimemuuliza askari wa zamu, kwa niaba ya rafiki, kama kijana ana mchumba. Kasema hana. Chitsike ameshavaa koti.