Nani Ashike Birika la Mama Deus

Jumatatu, 16 Juni 2025

Habari kubwa. Mzee Octavian anahama! Binti yake wa Igunga amejifungua mapacha, anataka baba awe karibu. Mzee ametutangazia leo mezani huku akipaka siagi, kama anayetaja bei ya mchele. Jumamosi atakunywa nasi chai ya mwisho.

Swaumu alilia. Dionis alimshika mzee mkono. Mimi nilikuwa nalitazama birika.

Naandika waziwazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nalitaka. Chumba cha chai cha Mama Deus, pale karibu na stesheni ya Tabora, kina desturi zake. Marehemu mama yake alimpikia Mwingereza wa reli, na mpaka leo chai ya pale ni ya Kiingereza. Birika la kauri lililovishwa kofia ya sufu. Maziwa kwenye kijagi chake. Skonzi na siagi, ila asali badala ya jemu. Na kila meza ina mtu mmoja tu wa kumimina. Wengine hawaligusi birika. Mmiminaji ndiye anayejua nani anapenda chai ya rangi kali na nani ametoka kugombana nyumbani. Hunywa wa mwisho, na mpaka aketi hakuna anayeanza kula. Kwenye meza yetu ni Mzee Octavian, miaka yote.

Tupo wanne. Ukimtoa mzee tunabaki watatu. Swaumu anauza vitenge sokoni, hana makuu. Kwa hiyo ni mimi au Dionis. Dionis alilima tumbaku Goweko, sasa amejenga hapa mjini, Ipuli. Ana sauti nzito na tabia ya kusikiliza watu. Tabia hiyo inanisumbua sana.

Mama Deus amesema ataamua Jumamosi. Mimi ni fundi saa, mkono wangu hautetemeki. Na tangu watoto waondoke, nyumbani hakuna anayengoja niketi ndipo ale. Birika ni langu.

Jumanne, 17 Juni

Mpango: kuwahi. Anayekaa kiti cha karibu na jiko ndiye anayeonekana kwanza na Mama Deus.

Nimetoka kwangu Ng'ambo mara tu baada ya swala ya alfajiri, nusura nikimbie. Nikamkuta Dionis kwenye kiti kile kile! Ametoka misa ya asubuhi. Kumbe Wakatoliki nao huamka.

Alinivutia kiti cha pili, akasema amefurahi tutapiga soga wawili kabla wenzetu hawajafika. Ujanja mtupu. Nikamjibu kwa mkato. Akaniuliza kama nililala vizuri. Nikazidi kukasirika.

Jumatano, 18 Juni

Mpango: waone ufundi.

Jana jioni nilifanya mazoezi nyumbani kwa maji baridi. Birika juu, kikombe chini, uzi mwembamba wa maji katikati, kama wauza kahawa wa mtaani. Nilikuwa hodari! Leo nikamwomba Mama Deus anijaribu japo kikombe kimoja. Akakubali, ingawa shingo upande.

Sikujua kwamba kofia huvuliwa kwanza. Miaka yote namtazama mzee mkono wake, kofia sikuitilia maanani. Nilipoliinua birika, kofia ikateleza ikafunika mdomo wake. Chai ikatafuta njia yake yenyewe, ikamwangukia Swaumu mapajani, kwenye kitenge kipya. Bahati ilikuwa imeshapoa kidogo.

Swaumu alisema si neno, anavyo vingi dukani. Dionis aliinuka, akaleta kitambaa, akafuta meza, akaketi. Mimi nilikuwa bado naeleza kosa la kofia. Mama Deus alilirudisha birika jikoni.

Sikati tamaa. Aliyekata tamaa ni kitenge.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata!

Nilikuwa nafungua saa ya mteja nikamkumbuka babu mzaa baba. Alikuja Tabora na misafara kutoka pwani. Siku zote nasimulia kwamba alikuja akiwa tajiri, amepanda punda. Leo nimeamua alikuwa Mzaramo, anatembea kwa miguu.

Sababu ni hii. Dionis ni Mnyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipitiana kwenye ile njia. Mtani anachukua chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeuaibisha ukoo mzima.

Basi nikaingia kwa Mama Deus kifua mbele. Nikamwambia Dionis anyanyuke, tangu lini Mnyamwezi akae na Mzaramo asimame? Nikakitwaa kiti. Nikaitwaa skonzi yake iliyokwisha kupakwa asali, nikaila. Nikatangaza kwamba birika nalo likija ni langu, kwa haki ya babu.

Halafu Dionis akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kwa nini nimemficha muda wote huu, yeye tangu ahame Goweko hana mtani wa kumchokoza, na maisha bila mtani hayana chumvi. Akanikumbatia mbele ya watu.

Ushindi! Skonzi ilikuwa tamu mno.

Ijumaa, 20 Juni

Kuna jambo moja sikulipigia hesabu. Tabora ni mji wa Wanyamwezi.

Dionis ametangaza kila mahali. Muuza vitumbua wa kona amenivua kofia, akaivaa, akasema Mzaramo akifika kwa wenyeji huingia kichwa wazi. Bodaboda aliyenichukua amenizungusha soko zima akipiga honi na kupaza sauti kwamba amempata mtani aliyepotea. Kwa Mama Deus, mama wa meza ya pili, ambaye hata jina lake silijui, amechukua skonzi yangu. Mwenzake akamaliza siagi. Mama Deus mwenyewe, Mnyamwezi wa Uyui, ameniletea kikombe cha maji ya moto matupu. Amesema chai ni ya wenye mji, wageni wa pwani waanze na mvuke.

Sikuruhusiwa kununa. Nimecheka tangu asubuhi, mashavu yananiuma. Swala ya Ijumaa nimeiswali na kofia ya kuazima.

Sijala. Lakini kesho ndiyo siku yenyewe, na mwenye nia hafi njaa siku moja.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Mzee Octavian alivaa koti lake la harusi. Alitumiminia kwa mara ya mwisho, taratibu, bila kuuliza nani anataka nini. Swaumu akalia tena. Safari hii nami nililia, na sikuwa naigiza.

Kisha Dionis akasimama kunifanyia utani. Alijifunga kanga, akaliinua birika la kufikirika juu ya kichwa, akajimwagia, halafu akaanza kueleza kosa la kofia kwa sauti yangu hasa. Mzee alicheka mpaka machozi. Chumba kizima kilicheka. Mimi pia, kwa lazima.

Ndipo Mama Deus akatoka jikoni na birika mikononi. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Nikanyoosha mikono.

"Sadiki," akasema, "aliyekuombea birika hili tangu Jumatatu ni Dionis. Aliniambia, mpe Sadiki, hapa ndipo mahali pekee watu wanapomngoja. Nami nilikuwa nimekubali. Hata baada ya kile kitenge."

Mikono yangu ilibaki imenyooka hewani.

"Lakini umejifanya mtani wetu. Kilicho mkononi mwa mtani ni halali yetu kukinyang'anya, na haki hiyo umeidai wewe mwenyewe. Sasa mimi niache watu wagombanie birika la chai ya moto?"

Akampa Swaumu.

Swaumu alishtuka. Akalivua birika kofia, akamimina, hakumwaga hata tone. Akaketi, tukaanza kula. Wao, yaani. Mtani kwenye shughuli ya watu kazi yake iko jikoni, na wote walinikumbusha kwa pamoja.

Nikaosha vikombe. Baada ya muda Dionis akaja na kitambaa, akawa anavikausha. Nikamuuliza kwa nini aliniombea, kwani yeye hakulitaka? Akasema yeye anapenda kumiminiwa. Akasema pia kwamba amekuwa akiniona ninavyochelewa kunyanyuka pale mezani kila siku, wenzangu wote wameshaondoka.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, si ya utani. Nilisugua kikombe kimoja muda mrefu mpaka Dionis akanipokonya, akasema ua lililochorwa litatoka.

Tukamsindikiza Mzee Octavian stendi. Alinishika bega, akaniambia nimepata rafiki, nisimpoteze. Nikamwahidi.

Jumapili, 22 Juni

Kwa Mama Deus pamefungwa. Nimekunywa chai nyumbani, nimejimiminia mwenyewe. Haina ladha.

Nimetafakari sana maneno ya mzee. Nimejichunguza bila kujionea huruma, na nimeligundua kosa langu. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichokuwa kibaya ni kabila.

Dionis ni rafiki wa kweli, na ndiyo maana kesho nitamshirikisha. Swaumu naye ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Ila ni Mmanyema, na sijawahi kuuliza Wazaramo wana nini na Wamanyema. Kesho mapema nitapita kwa wazee wa Ng'ambo niwaulize. Wakisema ni watani, birika nitalichukua mchana kweupe. Wakisema hapana, sina wasiwasi. Upande wa mama nina bibi, na kabila lake bado sijaliamua.