Picha ya Shangazi Euphemia

Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wageni wamejibanza kwenye vibanda vya ufukweni wakila chipsi zilizolowa. Dada yangu Enid akasema tukishinda ndani leo tena atanirushia birika, bora twende jumba la makumbusho. Nimeishi Wexcombe miaka thelathini na sijawahi kuingia humo. Naamini vitu vya kale viliachwa kwa sababu nzuri.

Ilikuwa kosa kwenda. Katika chumba cha pili, chini ya taa yake peke yake, kuna gurudumu. Lilitoka kwenye kile kibanda cha zamani ambacho farasi walikikokota hadi majini ili wanawake waoge bila kuonwa. Gurudumu bovu, spoki mbili hazipo. Kando yake kadi: “Zawadi ya Bw. Clifford Stott.”

Stott ni jirani yangu. Gurudumu hilo liliegemea banda lake la kuku miaka yote, na mimi ndiye niliyemshauri alitupe.

Tukaingia mkahawa wa makumbusho. Unaendeshwa na Bi. Imogen Pellow, mjane, mwanamke ninayempenda tangu Krismasi ya mwaka juzi, ingawa bado sijamwarifu. Stott alikwisha kukaa dirishani. Bi. Pellow akampelekea skonzi kubwa kuliko yangu, na jemu akampakia mwenyewe. Kisha akatugeukia, akasema, “Huyu ndiye mwenye gurudumu.” Stott akajibu kwamba si kitu, ni mchango wake mdogo kwa mji. Alijifuta malai mdomoni kama waziri.

Nimeamua. Nami nitatoa kitu. Kikubwa kuliko gurudumu.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Nilipanda darini. Nimepata kitanda cha kukunja kisichokunjuka, buti la kushoto la marehemu baba, na picha ya rangi ya mafuta katika fremu nzito. Mwanamke wa makamo, gauni jeusi, baka chini ya jicho la kulia, na kwenye kola pambo la fedha lenye umbo la nyuki. Anakutazama kana kwamba amekukuta na mkono kwenye kopo la sukari.

Nikamuuliza Enid ni nani. Akasema hajulikani. Mama aliinunua kanisani, kwenye mauzo ya vitu vya mtumba, kwa ajili ya fremu tu, na alikusudia kumtupa huyo mwanamke. Nikamwomba Enid asimwambie mtu habari hizo.

Halafu nikakumbuka tangazo kwenye mlango wa duka la samaki. Jumba la sanaa la mji linaandaa maonyesho: “Wanawake wa Bahari.” Nikamwambia Enid huu ni mpango wa Mungu. Enid akasema Mungu nisimtie humo.

Nimeshinda mchana wote nikimtungia huyu mama maisha.

Jumanne, 13 Mei

Nimebeba picha kwa mikono hadi jumba la sanaa. Upepo wa baharini ukaifanya tanga, nikaupita mlango mara mbili kabla ya kufaulu kuushika.

Mkuu wa jumba ni Bi. Farrant, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kijani, mpole sana. Nikamweleza kwamba huyu ni shangazi wa baba yangu, Euphemia Dimmock, na kwamba usiku mmoja wa dhoruba alipiga makasia peke yake akaokoa mabaharia kumi na wanne. Akauliza meli iliitwaje. Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikatazama dirishani, nikaona gari la aiskrimu. Nikasema Bella Rosa. Meli ya Waitaliano.

Bi. Farrant alisema ameishi mji huu maisha yake yote na hajawahi kuisikia habari hiyo. Nikasema shangazi alichukia sifa. Akavua miwani, akaifuta, akasema ndivyo wanawake wanavyosahauliwa. Ameikubali picha. Itakuwa ukuta wa mbele, mkabala na mlango.

Njiani nikamkuta Stott akiosha gari. Nikamsimulia. Akaendelea kuosha kioo kilekile muda mrefu. Mwisho akasema, “Dimmock, wewe si ulikuwa unauza rangi za kuta? Kumbe mna mashujaa kwenu.” Nikamjibu kwamba sisi hatujisemi.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Ijumaa, 16 Mei

Ufunguzi. Nilivaa suti ya harusi ya binamu yetu, ambayo bado inafunga ukivuta pumzi. Nusu ya mji ilikuja, na mpiga picha wa gazeti pia. Bi. Pellow aliingia na koti la buluu. Nikaanza kumsimulia. Mabaharia walikuwa wamefika kumi na tisa nilipotambua kwamba hanisikilizi.

Alikuwa ameisogelea picha hadi pua yake karibu iguse. Kisha akafungua vifungo vya koti. Kwenye kola ya blauzi yake palikuwa na nyuki wa fedha.

“Huyu ni bibi yangu,” akasema taratibu. “Huyu ni bibi Harriet. Nyuki wake si huyu hapa?”

Watu wakakusanyika. Akaeleza kwamba bibi huyo ndiye aliyemlea. Alipofariki, mjomba mmoja aliisafisha nyumba siku moja tu, vitu vyote vikatawanywa, na picha ikaenda pamoja navyo. Ameitafuta katika kila duka la mitumba kwenye pwani hii. Alishakata tamaa. Kisha akanigeukia, akauliza, “Bwana Dimmock, umeipata wapi?”

Enid alikuwa nyuma yangu. Akanong'ona, “Sema darini. Neno moja tu, Horace. Darini.”

Lakini Bi. Farrant alikuwa ananitazama. Mpiga picha alikuwa ananitazama. Stott alikuwa ananitazama, glasi ya mvinyo mkononi, uso wa mtu anayesubiri keki ikatwe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema, “Ni yeye. Harriet Euphemia. Shangazi wa baba.”

Bi. Pellow akasema ni kweli bibi hakupenda kabisa kuwataja watu wa kwao. Nikasema hata sisi akina Dimmock tuliambiwa tusimtaje. Akasema lakini bibi aliogopa maji hata ya kwenye beseni, na hakukanyaga ufukwe maisha yake yote ya mji huu. Nikasema ndiyo. Tangu usiku ule.

Akaziba mdomo kwa mkono. Akasema utotoni alikuwa akimsihi bibi waende ufukweni mara moja tu kuchezea mchanga, bibi anakataa, naye akadhani bibi hampendi. Machozi yakamtoka. Akanikumbatia mbele ya mji mzima, nikasikia harufu ya unga na vanila kwenye nywele zake. Nilifurahi kwa kadiri ya kumeza mate mara moja.

Ndipo akasema sikioni mwangu, “Binamu.”

Jumapili, 18 Mei

Gazeti limetoka. Picha kubwa ya Bi. Pellow, na nyuma yake sikio langu.

Nilimuuliza Enid iwapo sheria inaruhusu mtu kumwoa binamu wa mbali. Enid akasema sheria inaruhusu, ila huyu si binamu yangu wa mbali wala wa karibu, huyu ni mwanamke niliyemwongopea kuhusu bibi yake. Akaniambia niende nikaseme kweli, njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu imefika mbali kuliko ya wengi.

Hata hivyo sikulala vizuri. Yule bibi na kule kuchezea mchanga. Halikuwa jambo nililolitegemea.

Basi nitamwambia kweli. Na katika pumzi hiyohiyo nitamwambia ninampenda, ili la pili lifunike la kwanza.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda na maua. Bi. Pellow alikuwa ameniwekea kiti chenye mto na skonzi mbili, zote kubwa. Akayapokea maua akasema tangu bibi afariki hakuna ndugu aliyemletea maua. Nikafungua kinywa.

Akasema ningoje kwanza, naye ana neno, na asipolisema sasa atashindwa. Stott amemposa. Si mara ya kwanza, ni ya tatu. Mara mbili za kwanza alimkataa, ingawa moyo ulitaka.

“Nilikuwa naona aibu, binamu,” akasema. “Upande wangu kanisani pangekuwa na viti vitupu. Ningekwenda madhabahuni peke yangu kama mtu aliyechelewa basi.” Akanishika mkono. “Sasa nina mtu. Utanipeleka?”

Maneno yangu yote yalikuwa tayari, yamepangwa. Nikamtazama. Katika umri wangu wote hakuna mtu aliyewahi kufurahi namna ile kwa sababu tu mimi nipo. Kama ningesema darini, viti vingekuwa vitupu tena, na bibi angerudi kuwa mtu asiyempenda mjukuu wake.

Nikasema nitampeleka. Kisha nikala skonzi zote mbili maana sikuwa na la kufanya na uso wangu.

Stott akaingia. Nadhani alikuwa akisubiri nje. Akanipa mkono akaniita shemeji. Macho yake yalikuwa mekundu, yule mtu wa kuku.

Nikirudi nilipita jumba la sanaa. Kadi imebadilishwa: “Harriet Euphemia, shujaa wa Bella Rosa. Zawadi ya Bi. Imogen Pellow na binamu yake.”

Enid hakunicheka. Alichemsha chai akasema mara hii sikufanya vibaya sana. Sijui alimaanisha nini. Nimempoteza mwanamke, nimepata Stott.

Jumamosi, 24 Mei

Chai ya uchumba nyumbani kwa Stott. Nilikusudia kukaa kimya, kula kidogo, na kuondoka na heshima yangu. Nimetafakari sana wiki hii. Mtu mzima akipigwa na dunia inambidi ajirekebishe, nami nilishaanza.

Alikuwepo dada yake Stott, Bi. Leonora, aliyeteremka kutoka kaskazini kwa treni. Hajaolewa. Anacheka kwa kinywa chote, na alikula sandwichi za tango bila kuomba radhi. Kumbe ni mfinyanzi, vyungu vyake vimewahi kuwekwa majumba ya sanaa ya huko kwao. Akaketi karibu yangu akaniuliza mimi ninashughulika na nini tangu nistaafu.

Ng'ambo ya meza Enid alinitazama akatikisa kichwa polepole.

Nikamwambia Bi. Leonora kwamba mimi pia ni mfinyanzi. Akauliza nachomea wapi. Nikasema nina tanuri langu mwenyewe, uani, la matofali, nililijenga kwa mikono hii. Akaitazama mikono yangu kwa namna ambayo haijawahi kutazamwa. Anasafiri Jumatatu, kwa hiyo anakuja kuliona kesho, baada ya ibada.

Nimepima. Nafasi ipo, kati ya mpeasi na kamba ya nguo. Matofali yapo kwenye ukuta wa Enid wa maua, hayana kazi kubwa pale. Shemeji ameniazima sepetu bila kuuliza lolote. Enid amekataa kunishikia taa, lakini jua la Mei huchelewa kuzama.